Gauni la kitenge limeshonwa Ohio, tuandike limetengenezwa wapi?

Haya jamani tuanze, walioko nyuma sogeeni mbele viti vipo vingi tu. Wazee wangu shikamooni, vijana mambo, na ndugu zangu wa Bukavu na Lubumbashi karibuni sana, Kiswahili changu cha Dar mtakivumilia kidogo.

Nimeombwa niongelee lebo, na najua lebo sio kitu cha kumtoa mtu kitandani Jumamosi, lakini humu ndani wengi mnauza vitu onlaini, kuna wa nguo, kuna wa sabuni, kuna wa kahawa, na karibu kila ukurasa niliopitia wiki hii kabla ya kuja hapa nimekuta bendera ya Marekani imebandikwa chini ya picha na maneno "Made in USA". Sasa swali langu ni moja tu. Kitenge kimetoka Kariakoo, Kariakoo nako kimeshuka kwenye kontena kutoka Uchina, wewe umekaa hapa Columbus na cherehani yako umeshona gauni zuri kweli kweli. Unaruhusiwa kuandika hivyo? Jibu ni hapana, sio hivyo hivyo tupu, na nitawaeleza kwa nini halafu nitawaambia mwandike nini.

Kwanza tuondoe hofu moja. Wengi mnadhani kila kitu kinachotengenezwa hapa lazima kiandikwe kimetengenezwa hapa, si kweli. Sheria ya ushuru ya 1930 inalazimisha mzigo unaotoka nje uwe na alama ya nchi ulikotoka, cha hapa ndani hakilazimishwi, isipokuwa vitu vichache kama nguo na vitambaa, sufu, manyoya na magari. Kwa hiyo mtu wa mishumaa ukikaa kimya kuhusu nchi hakuna anayekugusa. Shida inaanza ukifungua mdomo. Ukisema tu kitu chako ni cha Marekani, hapo hapo umeingia kwenye mikono ya FTC, ile tume ya biashara ya serikali kuu, na hao kipimo chao ni kwamba kitu kiwe chote au karibu chote cha hapa. Kipimo hicho wamekitangaza kama sera tangu 1997, halafu tarehe 13 Agosti 2021 kikaanza kutumika kama kanuni kabisa yenye faini, na kanuni yenyewe inataja pia matangazo ya kielektroniki yanayomfanya mtu anunue bila kukishika kitu, yaani hizo kurasa zenu.

Watu huniuliza ni asilimia ngapi. Hakuna asilimia bwana! California wao wana ya kwao, vifaa vya nje visizidi asilimia 5 ya thamani, au 10 ukithibitisha kwamba hapa ndani havipatikani, lakini FTC hawakupi namba. Wanataka kitu kimalizikie hapa, kazi zote za maana zifanyike hapa, na vifaa viwe vyote au karibu vyote vya hapa. Wana mifano miwili ambayo mimi naipenda. Kuna jiko la gesi la kuchomea nyama limeunganishwa Nevada, valvu na bana na bodi vya hapa hapa, vile vitufe vya kuzungusha na mpira wa gesi vimetoka Meksiko, hilo wanasema poa, liite la Marekani. Halafu kuna taa ya mezani, shaba ya hapa, kofia yake ya hapa, imeunganishwa hapa, ila kitako kimetoka nje, na gharama ya kitako ni ndogo tu. Hiyo wamekataa! Kwa sababu mnunuzi akiiangalia taa anakiona kitako, ni sehemu ya taa yenyewe. Sasa mimi na wewe tujiulize, gauni la kitenge ukiondoa kitenge kinabaki nini? Uzi na zipu.

Tuje kwenye nguo maana huku ndo kuna mambo mengi, na huku kukaa kimya hakuruhusiwi. Nguo lazima iwe na lebo yenye vitu vitatu, imetengenezwa kwa nyuzi gani na asilimia zake, nchi, na jina la biashara yako au namba ya RN, yaani namba ya usajili inayosimama badala ya jina lako, ambayo unaiomba kwenye websaiti ya FTC bure kabisa, asije mtu akakuchaji. Lebo ya nguo yenye shingo inakaa ndani, katikati ya shingo, kati ya mishono miwili ya mabega, na nchi inaandikwa upande wa mbele unaoonekana, sio uifiche nyuma ya lebo. Sketi na suruali weka mahali ambapo mtu anapaona bila kutafuta. Na maneno ya gauni letu la kitenge ni haya, andikeni: "Made in USA of imported fabric". Basi. Umeshona hapa, kitambaa cha nje, umesema ukweli wote kwa mstari mmoja na hulazimiki hata kuitaja nchi ya kitambaa.

Halafu kwenye ukurasa wa kuuzia, sio kwenye lebo tu, maana watu wengi lebo wako safi kabisa ila ukurasa hauna kitu. Sheria ya nguo inasema tangazo la kuuza kwa mbali liseme kama nguo ni ya hapa, au ya nje, au vyote viwili, na hapa kuna mtego mdogo. Ukiandika "Made in USA and imported" maana yake nguo hiyo moja ina cha hapa na cha nje, ndo ya kwetu hiyo. Ukiandika "Made in USA or imported" unasema baadhi ya nguo zako ni za hapa na nyingine zimetoka nje zimekamilika. Nimeona watu wanachanganya, mtu ana magauni yote ameshona mwenyewe kwa mikono yake ila ukurasa wake unasema huenda lako limetoka nje, anajiharibia mwenyewe.

Kuna dada hapo ameuliza kuhusu vilemba. Swali zuri dada yangu, kwa sababu kilemba na skafu na kitambaa cha meza ni hadithi nyingine kabisa. Gauni nchi yake ni pale liliposhonwa, lakini vitu bapa kama hivyo watu wa forodha wanaangalia kitambaa kilifumwa wapi, wewe kukata na kukunja pindo hakubadilishi kitu. Kwa hiyo kilemba chako kitaandikwa kitambaa kimetengenezwa Uchina, au India, kimekatwa na kushonwa Marekani. Nchi inatajwa hapo, huwezi kuficha.

Na utajuaje kitambaa kilifumwa wapi? Msiniambie mmesoma ukingoni! Ile pembeni ya kitenge imeandikwa eti waksi halisi ya Kiholanzi, garantii na nini, ni kweli kuna kampuni ya Vlisco kule Helmond Uholanzi inaandika hivyo na ni wenyewe, ila wanaoiga nao wanaiga mpaka maandishi ya ukingoni. Mwombe aliyekuuzia invoisi, muulize kwa meseji, ajibu kwa meseji, uiweke. FTC wakija wanataka ushahidi uliokuwa nao siku unaandika, sio uanze kutafuta siku hiyo. Na mkiwa kwenye hilo angalieni na nyuzi, kuna vitenge watu wanaapa ni pamba tupu na ni poliesta.

Wangapi wamekamatwa? Wapo, na sio wakubwa tu. Kuna kampuni ya fulana ya Utah, Lions Not Sheep, ilikuwa inanyofoa lebo za Uchina na nchi nyingine inaweka za Marekani, kazi iliyofanyika hapa ilikuwa kuchapa maandishi na vitu vidogo kama hivyo, 2022 wakalipa dola 211,335. Williams-Sonoma wale wa vyombo na fanicha walilipa milioni moja 2020, wakaahidi hawatarudia, 2024 wakalipa milioni 3.175 baada ya kukutwa tena wanauza matandiko ya magodoro ya Uchina kwa jina la Marekani. Kwa viwango vya 2025 kosa moja linafika hadi dola 53,088. Julai 2025 hao FTC waliwaandikia barua Amazon na Walmart kuhusu wauzaji wadogo wanaouzia humo, na hapo ndipo mimi nawahofia ninyi, kwa sababu jukwaa likibanwa haliji kukuita mkae mzungumze, linafunga akaunti yako asubuhi na mzigo wako uko stoo kwao.

Bendera nayo inasomeka kama maneno, ramani pia, tai pia. Hashtegi pia. Mtu anasema mimi sijaandika popote, ila ameweka bendera, tai anaruka, na hashtegi kumi, sasa hapo mteja aelewe nini?

Mimi kwa mtazamo wangu ile sentensi ndefu inayosema ukweli wote ndo biashara. Anayenunua gauni la kitenge hanunui kwa sababu ni la Marekani, anataka kujua nani amelishona na kitambaa amekitoa wapi, mwambie limeshonwa Columbus, kitenge kimenunuliwa Dar, ila angalia usiseme kimetengenezwa Tanzania kama hakikufumwa Tanzania, maana kununua Kariakoo ni kitu kingine na uongo huo nao ni uongo.

Kaka wa kahawa umenyoosha mkono muda mrefu, samahani. Buni yako ni ya Mbinga, unakaanga gereji kwako. Usiandike ni ya Marekani, wala usiogope kusema ulichofanya, andika buni ya Tanzania, imekaangwa Ohio. Sabuni ya mama pale ni hivyo hivyo, kama shea imetoka Ghana sema imetengenezwa hapa kwa mafuta ya shea ya Ghana. Kwenye Amazon kuna sehemu ya kujaza nchi, wengi mmeijaza siku ya kwanza mkasahau. Fungueni simu sasa hivi tuipitie, aliyebandika bendera aanze na picha zake.