Chemia, na kilemba cha shangazi

Haya jamani, mambo? Leo niko jikoni, tena na koti humu humu ndani, msinicheke. Baridi ya Łódź, huku Poland, haina adabu.

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini kaja nywele zimeishia shingoni. Huyu dada alikuwa na msuko unafika kiunoni! Nikajua tu kaachwa. Kumbe kazitoa kwa taasisi moja inaitwa Rak'n'Roll, zinatengenezwa mawigi ya wanawake wenye saratani. Sasa sikilizeni hilo jina. Rak kwa Kipolandi ndiyo saratani yenyewe, wao wakaichanganya na rokenroli. Ugonjwa ule, wanautania! Akaniambia, kaangalie sinema yao Chemia utaelewa.

Jana usiku nikaangalia. Ya mwaka 2015, kaiongoza Bartosz Prokopowicz, ambaye kazi aliyojulikana nayo ni kupiga kamera. Mkewe Magda ndiye aliyeanzisha ile taasisi, 2009. Saratani ya titi ilimpata ana miaka 27, akatibiwa akiwa mjamzito, na mtoto akazaliwa. Akafariki 2012. Miaka mitatu baadaye mume anatoa sinema ya mapenzi. Humo wapenzi wanaitwa Lena na Benek, lakini unajua kabisa machozi yametoka wapi.

Na chemia, jamani, ni neno moja kazi tatu: somo la kemia shuleni, damu zenu zikipatana, na ile dripu ya dawa za saratani hospitalini. Wapolandi wanatamka lote kwa mpigo.

Halafu, hapa sinema za nje kwenye TV anasoma mwanaume mmoja maneno ya wote, baba, mama, mtoto, sauti kavu kama anasoma taarifa ya habari. Sisi wa vibanda umiza tunamjua mtafsiri wa sauti zote, ila wetu anatia chumvi! Hii ya kwao wenyewe haina msomaji, nikabaki na Kipolandi changu cha kuungaunga.

Kuna sehemu imezidisha, marangi na muziki kama video ya Bongo Fleva. Sikuipenda yote.

Ila wanasema rak kwa sauti. Mimi shangazi yangu kaumwa miaka mitatu, neno hilo halikutamkwa nyumbani. Ilikuwa "kale kaugonjwa". Mtu akisema "kapelekwa Ocean Road", ile hospitali ya saratani Dar, sauti inashuka, umeshaelewa. Kilemba hakikumtoka, hata ndani, hata joto la Januari. Na mumewe, yule mzee mkali, ndiye alikuwa anamfungia. Tunamwona mlangoni, anapima ncha mbili zilingane, hasemi kitu. Sisi watoto tunapita tunajifanya hatuoni.

Binamu zangu, najua mnaangalia. Ile picha yake kibarazani, kichwa wazi, anacheka, nani anayo? Msiniambie imepotea. Nitumieni WhatsApp.