Kutopasuka ni Kazi: Seli ya Mnyama Ndani ya Maji Matamu

Asalaam alaykum. Walimu wenzangu, wazee wangu wa hapa Lamu, na nyinyi vijana wa sekondari ambao nadhani mmeletwa kwa lazima, karibuni.

Osmosisi mnaijua, siielezi. Maji hupita kwenye utando yakaenda upande wenye chumvi nyingi zaidi, au sukari, au chochote kilichoyeyuka. Kila aliyemo humu amewahi kukata kiazi akakiloweka kwenye maji, akakipima, akaandika kwamba kimerefuka. Mimi nina ugomvi na kile kiazi, na wanaonijua wameusikia hadi wamechoka. Kiazi ni mmea. Seli yake ina ukuta wa selulosi. Maji yakiingia inajaa, inakaza, ukuta unazuia, basi. Mbuzi hana ukuta huo, pweza hana, wewe huna. Seli ya mnyama ni tyubu ya baiskeli isiyo na tairi. Sasa mtihani ukiuliza itakuwaje ndani ya maji matamu, mwanafunzi anaandika "itavimba na kupasuka", anapewa alama zake, anafunga daftari.

Haya, na samaki wa birikani? Nyumba za kale za mitaa hii zina birika, lile tangi la maji la kujengwa, na watu walifuga visamaki humo ili vipate kula viluwiluwi vya mbu. Maji ni matamu. Seli za visamaki hivyo hazina ukuta hata moja. Mbona watu hawakuamka asubuhi wakakuta birika limegeuka supu? Swali hilo nimewauliza wanafunzi tangu nina nywele, na majibu niliyopata mengi ni kunitazama tu.

Kwanza tuone huko kupasuka kwenyewe, maana mnakuandika bila kukuona. Hapa mezani nina glasi mbili. Hii ya kushoto ina maji yenye chumvi gramu 9 kwa lita, ndicho kipimo cha yale maji ya dripu hospitalini. Ya kulia ina maji ya mvua. Kwenye kichupa ni damu ya mbuzi wa leo asubuhi. Niliikoroga kwa kijiti palepale ilipokingwa, zile nyuzi za kugandisha zikanasa kijitini, ndiyo maana bado inamiminika. Naona mzee wangu pale amekunja uso. Najua, damu ya kuchinjwa ni najisi, sijasahau. Mikono ya kanzu nimeipandisha, na glasi hizi hazirudi jikoni; mama watoto amenihakikishia hilo kwa maneno nisiyoweza kuyarudia mbele ya mwenyekiti.

Natia matone machache huku, na idadi ileile huku. Koroga. Sasa wewe binti wa mbele, nashika gazeti nyuma ya glasi ya kushoto. Soma.

"Sioni kitu, mwalimu."

Haoni kitu. Wekundu wenye ukungu, mzito. Na hii ya kulia?

Amesoma kichwa cha habari chote, hadi bei ya unga.

Tazameni vizuri, msidhani glasi ya kulia ina damu kidogo. Damu ni ileile. Kushoto chembe nyekundu zi nzima, ziko mamilioni kwa mamilioni, kila moja inatawanya mwanga, herufi hazipenyi. Kulia zimepasuka zote, hemoglobini, ile protini yao nyekundu, imemwagika ikayeyuka majini, zikabaki ngozi tupu zisizozuia mwanga. Mmeona ilichukua muda gani? Sijamaliza kukoroga. Utando wa chembe hizi una vijitundu vya protini vinavyopitisha maji peke yake, na Peter Agre wa Marekani alivigundua humuhumu kwenye chembe nyekundu, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Chembe ya binadamu si dhaifu kiasi hicho mnachodhani. Imebonyea katikati pande zote mbili, kwa hiyo ina nafasi ya kuvimba kabla utando haujavutika. Ukipunguza chumvi kutoka gramu 9 hadi kama 5 kwa lita, ndipo zile dhaifu zinaanza kupasuka; ukifika 3, karibu zote zimekwisha. Ya mbuzi ni ndogo zaidi na hupasuka mapema, ndiyo maana nilikwenda kwa mchinjaji badala ya kujichoma sindano. Ngamia je? Ngamia akitoka kwenye kiu ya siku nyingi anaweza kunywa lita 100 ndani ya dakika kumi hivi. Damu yake inapungua chumvi ghafla, mnyama mwingine angekufa. Chembe zake zina umbo la yai, na huvimba zaidi ya mara mbili bila kupasuka. Msiniulize nani alisimama na ndoo akihesabu.

Sasa ndiyo hoja yangu. Maji hayachoki kuingia. Hata seli iliyokaa kwenye damu yenye chumvi sawasawa ina protini ndani yake zisizoweza kutoka, na protini hizo zinavuta maji saa zote. Kinachoizuia isivimbe ni pampu iliyo kwenye utando: inatoa sodiamu tatu nje, ile iliyomo kwenye chumvi, inaingiza potasiamu mbili, usiku na mchana. Mdenmaki aitwaye Jens Skou aliigundua mwaka 1957, na aliikuta wapi? Kwenye mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa! Nobel alipewa mwaka 1997. Vijana wa hapa mnawavunja kaa miguu kila siku. Pampu hiyo inakula moja ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika, au zaidi. Ikikosa hewa ya oksijeni inasimama, na seli inavimba ikiwa mwilini mwake yenyewe, bila kuguswa na maji ya mvua.

Visamaki vya birikani basi vinaishi kwa kufanya kazi. Havinywi maji karibu hata tone. Vinakojoa mkojo mwingi, mwepesi, mfululizo, na mashavu yao yanaokota chumvi kidogo iliyomo majini na kuirudisha mwilini. Ndiyo, vinakojoa birikani. Kunyweni tu, wazee wetu walikunywa.

Mtu ataniambia: mwalimu, mbona sisi twanywa maji ya visima vya Shela kila siku na hatupasuki? Maji hayaingii kwenye damu kama nilivyoyamimina hapa. Yanachanganyika na chumvi za utumboni, yanapenya polepole, na figo zinatoa ya ziada, takriban lita moja kwa saa zikiwa na afya. Zidisha kuliko hapo, kwa masaa, uone. Wakimbiaji wa marathoni wamekufa kwa kunywa maji matupu kupita kiasi. Ubongo unavimba, na fuvu halina pa kupanuka. Ukichoma maji matupu moja kwa moja kwenye mshipa, unafanya glasi hii ya kulia ndani ya mtu, na mkojo wake utakuonyesha rangi.

Mwingine yuko tayari na vidole vyake: ukioga sana vinakunjamana, hiyo si osmosisi? Siyo! Hata vitabu vingine vimekosea hapo. Aliyekatika mshipa wa fahamu wa mkono, vidole vyake haviwi na mikunjo hata akiviloweka kutwa, na madaktari wameliona hilo tangu miaka ya 1930. Ni mishipa ya damu inayobana kwa amri ya fahamu. Ngozi yako ya juu ni seli zilizokufa na mafuta, maji hayapiti kirahisi. Tuendelee.

Pweza hana hiyo bahati. Damu yake ina chumvi kama bahari yenyewe, haina haja ya kupigana na chochote, na kwa sababu hiyo hajui kupigana. Mtie kwenye ndoo ya maji ya kisima: maji yanamwingia toka kila upande, na hatoki humo hai. Akishakufa, nyama bado inanywa. Inanenepa, inateleza, na mizani inapanda. Wanunuzi wa pweza wanalijua hilo, na wauzaji wanalijua zaidi. Simtaji mtu. Lakini ukinunua kilo ukapika ukabaki na nusu sufuria ya maji na mikono myembamba kama kamba za kufungia mashua, umenunua osmosisi kwa bei ya pweza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya mwatiko, samaki anayefugwa pwani hii na anayevumilia maji ya chumvi na matamu, na juu ya papa, anayehifadhi urea, ile taka ya mkojo, mwilini ili maji yasimkimbie baharini, ndiyo harufu ile mnayoisikia akichelewa kutiwa chumvi. Siku nyingine.

Hili moja siliachi. Mtoto akiharisha msimpe maji matupu peke yake, na msimtilie chumvi kwa kukisia mkidhani ikiwa kali ndiyo dawa. Chumvi ikizidi inavuta maji kutoka kwa mtoto na kuyaleta utumboni. Tumieni pakiti ya zahanati. Ikikosekana, maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi nusu kijiko kidogo. Sukari si ya utamu: ndiyo inayoisindikiza chumvi kupita ukuta wa utumbo, na maji yanaifuata. Na hata hivyo mpelekeni zahanati.

Maswali. Wewe wa nyuma, umenyoosha mkono tangu kwenye ngamia.