Magunzi ya Kibaigwa na Adabu ya Shaba

Mbukwenyi! Waliotoka mbali watanisamehe, hiyo ndiyo salamu ya wenyeji.

Nimekuja na gunzi moja. Mahindi mnayoyaona sokoni Kibaigwa yamekwisha kupukuchuliwa. Magunzi yalibaki kijijini, mengine yakaingia jikoni, mengine yakachomwa shambani. Karibu theluthi ya gunzi hili ni sukari za aina ya zailosi zilizoungana minyororo. Lichemshe kwa tindikali na mvuke, minyororo inakatika, sukari zinapoteza maji, unapata furfurali, mafuta yenye harufu ya lozi. Wamarekani walianza kuitengeneza kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1920, kwa maganda ya oti.

Ukiipa furfurali hidrojeni inakuwa alkoholi ya furfurili, na hiyo ndiyo wasubu vyuma hutengenezea gundi ya kushika mchanga wa kalibu. Kazi hiyo ya kuipa hidrojeni inataka kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuliwa. Wengi hudhani tunatumia shaba kwa kukosa hela ya paladi, ile metali ya bei kubwa. Hapana! Molekuli ya furfurali ina duara na mkia, na sisi tunataka hidrojeni iguse mkia tu. Paladi mara nyingi huung'oa mkia wenyewe. Nikeli huvamia na duara. Shaba hugusa mkia, ikaishia hapo.

Ila inachoka. Furfurali hugeuka utomvu mweusi unaoziba uso wa shaba. Utomvu unaweza kuuchoma kwa hewa ya moto, lakini ukizidisha joto chembe za shaba zinashikana, zinakuwa madonge, na uso wa kufanyia kazi unapungua. Kwa hiyo anayekuuzia kichocheo rahisi usimuulize bei ya kilo. Muulize kinafanya kazi siku ngapi, na kinafufuliwa mara ngapi. Viwandani waliichanganya shaba na kromi, metali nyingine, ikadumu; tatizo ni mabaki ya kromi, ambayo yanaweza kuwa sumu.

Nikeli nayo msiidharau, kwanza tunayo ardhini, Kabanga kule Ngara. Murray Raney, Mmarekani, aliiyeyusha pamoja na alumini, kisha akaiondoa alumini kwa soda kali. Ikabaki nikeli yenye vitundu kama sifongo. Nilipokuwa mgeni maabara niliifuta mezani kwa karatasi, nikaitupa kwenye ndoo ya taka, nikaenda kunywa chai. Karatasi ilipokauka ikawaka yenyewe. Nilirudi nikakuta ndoo inafuka moshi.

Ile chupa yenye unga mweusi chini ya maji ndiyo hiyo nikeli. Njooni muitazame, kifuniko msikiguse. Gunzi mnaweza kushika.