Themomita ya jikoni: supu, mchuzi na sufuria la harusi

Asalaam aleikum mama zangu, na nyinyi vijana wa hotelini pia karibuni, walio nyuma sogeeni mbele kidogo maana hichi kidude ni kidogo hamtakiona mkikaa huko barazani.

Ntaanza na neno ambalo wauza vyombo hawatalipenda. Supu nyepesi ya pweza au ya samaki ikishatokota haihitaji themomita. Sisi hapa Lamu tuko usawa wa bahari, maji yakichemka ni digrii 100 basi, wenzetu wa Nairobi kule juu yanawachemkia kwenye 94 hivi, kwa hivyo wewe ukiona yanatokota umeshajua joto lake. Kazi iko kwa vile visivyotokota au ambavyo hutaki vitokote. Tui la kwanza ukishalitia ukaliacha lichemke kwa fujo litakatika, na mchuzi mzito wa jana, mbaazi za nazi, uji, hivyo vinafanya pwata pwata pembeni ukadhani vimepata moto kote kumbe katikati ni vuguvugu.

Tazameni hapa. Hizi mbaazi ni za jana, zimetoka frijini, zimekaa motoni saa hii tunaongea. Natia sindano pembeni, 88. Naipeleka katikati, ngojeni itulie... 51. Mnaona! Sufuria moja hiyo hiyo. Sasa nakoroga mpaka chini, napima tena, 64. Chakula kinachopashwa tunataka kifike 74 kote, kwa hivyo bado, rudisha kifuniko. Na sindano isiguse chini wala ubavuni, ikigusa itakusomea sufuria.

Sasa ununue ipi. Mimi nasema ya dijitali yenye sindano nyembamba, na sindano iwe ndefu maana sufuria zetu si za watu wawili na mkono hutaki uwe ndani ya mvuke. Ile ya saa yenye mshale si mbaya, lakini yenyewe haisomi nchani peke yake, inasoma urefu wa kama vidole vitatu vinne vya ule mchuma, kwa hivyo ukiwa na mchuzi kidogo chini ya sufuria itakudanganya, na tena inachelewa. Ya dijitali kihisio chake kiko karibu na ncha, inatosha kuzamisha kidogo. Angalia pia kichwa chake kama kinastahimili maji, nyingi za bei rahisi sindano ndo inaoshwa, kichwa kikiingia mvuke kioo kinafanya ukungu afu kinazima. Kama unapika vya kuuza tafuta ile ya waya, sindano inabaki ndani na kioo kinakaa nje mezani. Za gilasi mimi sizitaki karibu na chakula kabisa, ikivunjika ndani ya supu utafanyaje?

Bi hapa mbele ameuliza ile bastola ya wakati wa korona, iko nyumbani imekaa bure. Ile ya paji la uso mama haifai, imetengenezwa kwa joto la mtu, ikipita 42, 43 inakwambia tu iko juu. Kuna bastola za jikoni kweli, zinafika mbali, lakini zinasoma ngozi ya juu tu, na juu ya supu ndo panapopoa kwanza, halafu mvuke unaingilia, na ukiielekeza kwenye sufuria ya alminiamu inayong'aa inakupa namba ya ajabu. Ya kupimia chuma cha chapati sawa.

Halafu angalieni kitufe cha C na F, yaani digrii za Selsiasi tunazotumia hapa na zile za Farenhaiti. Kikibonyezwa bila kujua unaona 165 unashtuka, hiyo ni ile ile 74 yetu.

Nije kwenye linaloniuma zaidi, sufuria la harusi. Mchuzi umebaki usiku, umefunikwa, umeachwa jikoni mpaka asubuhi na joto hili letu. Baina ya 60 na 5 ndo vijidudu vinazaana, na vingine vinatoa sumu ambayo hata uichemshe kesho haiondoki, kwa hivyo usiseme ntapasha. Mchuzi ushuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha ufike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Sufuria kubwa haliwezi hivyo lenyewe hata ulitie frijini, ligawe kwenye trei za kina kifupi, au likalishe ndani ya karai la maji na barafu ukikoroga. Barafu ya wavuvi inafaa kwa hilo, nje ya sufuria lakini, isiingie ndani. Na koroga kabla ya kupima, maana juu utaona 30 na chini bado 55.

Wa mtindi pia itawasaidia, chemsha maziwa yafike 85, yaache yashuke mpaka 43 hivi ndo utie mbegu, yaani ule mtindi kidogo wa kuanzishia, yakiwa moto zaidi unaiua.

Haya, waliokuja na zao wazitoe. Jaza bilauri barafu iliyopondwa, tia maji yafunike tu, koroga, zamisha sindano bila kugusa gilasi, isome 0. Ikisoma 1 au 2 kuna nyingine zina kitufe cha kurekebisha, ikisoma 6 hiyo irudisheni dukani. Nani wa kwanza?