Wapeni Ndugu Dakika 14

Madaktari, wauguzi, wenzangu: ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, mnaijua, sitaeleza mashine. Nimekuja kudai viti, ili ndugu wa mgonjwa anayekaribia kufa wakae kikao na daktari na wasikilizwe.

Fikirini: matibabu hayamrudishi tena mgonjwa. Ndugu wako kwenye benchi tangu alfajiri na chupa yao ya uji. Daktari anatoka, mkono bado uko kwenye kitasa: "Hali si nzuri, tunaendelea kupambana, tumwombe Mungu." Anarudi ndani. Shemeji amesikia "tunaendelea", anakwenda kukopa hela. Shangazi amesikia "tumwombe Mungu", anaangua kilio. Maneno yale yale, familia imegawanyika pale pale mlangoni. Hicho si kikao!

Mwaka 2007 Wafaransa walichapisha utafiti kutoka ICU 22, ndugu wa wagonjwa 126 waliokuwa wanakaribia kufa. Nusu walipata kikao cha kawaida: dakika 20 hivi, ndugu wakasema dakika 5. Nusu walipata kikao kilichoandaliwa, na kijitabu kuhusu msiba: dakika 30, ndugu wakasema dakika 14. Siku 90 baada ya kifo walipigiwa simu. Waliokuwa na dalili za mshtuko mzito wa akili walikuwa asilimia 69 kwa kundi la kwanza, 45 kwa la pili. Hapakuongezwa mashine hata moja. Walisikilizwa.

Mtaniambia muda hatuna. Hesabuni basi mara ngapi kwa zamu moja mnasimamishwa koridoni na ndugu tofauti kwa swali lile lile.

Kabla ya kikao, daktari na muuguzi wa zamu wakubaliane kauli moja. Muuguzi awepo, maana yeye ndiye ataulizwa saa nane usiku. Ulizeni, "Nyumbani kwenu, nani akisema neno linapita?" Si lazima awe mke. Kama ni baba mdogo aliyeko Mwanza, apigiwe, simu iwekwe spika. Wote wakae, na daktari akae. Swali la kwanza: "Mpaka sasa mmeelezwa nini?" Kisha nyamaza. La pili: "Mzee ni mtu wa namna gani?" Hapo ndipo utasikia kwamba alishasema hataki kufia kwenye mipira. Halafu sema wazi: "Tunaona atafariki, huenda ndani ya siku mbili hizi." Usiwatajie oksijeni imepanda kufika ngapi, wataishika namba hiyo kama tumaini. Ukishasema, usijaze ukimya. Waache walie.

Wengine wanasema mila zetu hazitaki kifo kitajwe. Mila zipi? Mwislamu anataka kutamkiwa shahada na kuelekezwa kibla. Mkatoliki anataka padri na mpako wa wagonjwa. Padri ataitwa na nani, ikiwa mmewaambia anaendelea vizuri? Tukificha, tunawanyang'anya ndugu saa ambayo hairudi.

Naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo haya kwa haraka. Pumzi ikimtesa mgonjwa, mofini, dawa kali ya kutuliza, miligramu 2.5 kwenye mshipa, taratibu, kisha mtazame na urudie hadi atulie. Ukikuta anapewa dawa ya kulegeza misuli, isimamishwe kwanza, kwa sababu mtu asiyeweza kukunja uso hawezi kukuonyesha maumivu. Akikoroma kwa mate kooni, mlaze ubavu, usimchokonoe kwa mpira wa kunyonya. Waelezeni ndugu kwamba sauti ile kwa kawaida haimtesi yeye kama inavyowatesa wao. Zimeni ving'ora vya monita kando ya kitanda, la sivyo ndugu watakiaga kioo badala ya mtu wao. Lowesheni midomo yake kwa pamba yenye maji, na binti akiomba kufanya hivyo, mpeni pamba.

Suala la bili nililiandaa, muda hautoshi leo. Naomba hili tu: karatasi ya uhasibu isiletwe kitandani, na kitoroli cha mochwari kisiitwe kabla shangazi hajafika kutoka Mbagala.