Parkinson: Kuna Seli Zinashindwa Kutoa Taka

Haya jamani, mambo vipi, na wakubwa zangu shikamooni. Leo niko nje hapa Dundee, Scotland, upepo wa mto Tay unavuma hasa, mkisikia kelele nivumilieni. Tangu niwaambie kuwa kazi yangu huku ni kuhudumia wazee, mnaniuliza: huo ugonjwa wa Parkinson ni kitu gani, na huko wameshapata dawa ya kuuponya? Ya kuuponya, bado. Ila kuna jambo limegunduliwa hapahapa mjini, nataka mlisikie.

Kuna mzee namhudumia asubuhi. Mkono unatetemeka, sawa, hilo kila mtu analiona. Kazi iko mlangoni. Akifika kizingitini miguu inagoma. Yeye anataka kupita, mwili hautaki. Tukabandika utepe wa rangi sakafuni. Akiuona ule mstari ananyanyua mguu, anavuka, anaendelea na safari yake. Mpaka leo nikimtazama nashangaa.

Sasa chanzo. Ndani kabisa ya ubongo kuna kieneo cheusi ambacho seli zake hutengeneza dopamini, kemikali inayoufanya mwili uende kwa ulaini. Kwenye Parkinson, seli hizo zinakufa. Zina matawi mengi mno, kwa hiyo zinakula nishati vibaya sana. Nishati inatoka kwenye mitokondria, yaani vinu vidogo vilivyo ndani ya seli, na mitokondria ikiharibika inaidhuru seli yenyewe. Hiyo ndiyo taka, lazima iondolewe.

Hapo ndipo anapoingia Profesa Miratul Muqit wa Chuo Kikuu cha Dundee. Ni daktari wa mishipa ya fahamu, anatibu wagonjwa, na maabara anayo. Mwaka 2012 timu yake ilionyesha namna protini mbili zinazofanya kazi ndani ya seli, PINK1 na Parkin, zinavyoshirikiana kuiondoa. Mnaijua ile X nyekundu inayopigwa kwenye nyumba iliyojengwa ndani ya hifadhi ya barabara? Basi PINK1 ndiye mkaguzi. Mitokondria ikiwa nzima, anaingizwa ndani na kuvunjwavunjwa. Ikiharibika, anabaki nje ukutani, anamwamsha Parkin kwa kumbandika fosfeti, kipande kidogo cha kemikali, na Parkin anaanza kupiga X kila mahali. X yenyewe ni protini ndogo iitwayo yubikwitini. Seli ikiziona, inaimeza mitokondria ile na kuisaga. Mwaka 2014 ikajulikana kuwa PINK1 huibandika fosfeti hata hiyo yubikwitini. Maabara za Dundee, Japani na Marekani zilifikia jibu hilo karibu wakati mmoja. Raha ya sayansi hiyo, ingawa nadhani kila mmoja alitamani awe peke yake!

Mtu aliyerithi jeni mbovu za PINK1 au Parkin, taka hiyo haiondolewi vizuri, naye huugua mapema, wengine hata kabla ya miaka 40. Hao ni wachache, wagonjwa walio wengi hawana kasoro hiyo, kwa hiyo msije mkasema nimewaambia Parkinson yote ni ya kurithi. Lakini watengeneza dawa wamepata pa kulenga: wanatafuta kidonge cha kumchangamsha PINK1. Dawa za sasa zinafidia dopamini tu, seli zinaendelea kufa.

Na kwetu upo, msidhani ni wa Ulaya. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kwenye jamii ya watu zaidi ya 160,000. Matokeo yalitoka 2008: wengi wa wagonjwa waliopatikana hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari wanaumwa nini. Majibu ya mtaani mnayajua, mzee kalogwa, au ni uzee tu.

Dawa kuu inaitwa levodopa, nayo imo kwenye mbegu za upupu. Ndiyo, upupu uleule uliotuwasha utotoni! Msikimbilie kusaga, tafadhali. Mbegu haina kipimo, na hata ya kidonge daktari anaipandisha polepole. Huku kwetu kazini tunaitoa kwa saa kamili, mbali na nyama na maharage, maana protini ya chakula inaizuia isifyonzwe vizuri.

Halafu kabla hamjasema mzee ana Parkinson, kusanyeni dawa zake zote kwenye mfuko, mwende nazo hospitali. Ile ya kuzuia kutapika, metoklopramidi, wengi mnaiita Plasil, inaweza kuleta kutetemeka na kukakamaa kunakofanana kabisa na Parkinson, na hapo daktari huanza kwa kuisimamisha.