Kabla ya Kozi ya Ubongo, Onyesha Matriki Zako

(Mhadhara kwa wahitimu na wanafunzi wa vyuo, Kigoma Mjini)

Asante, mwenyekiti. Muda ni mfupi, salamu nimezipunguza.

Ninyi mnaoomba uzamili wa sayansi ya neva ya kikokotozi, yaani kuueleza ubongo kwa hesabu na kompyuta, hasa upande wa kuona, mmenionyesha orodha za kozi mnazotaka kuchukua. Zinafanana kama sare. Akili unde na ubongo, ujifunzaji wa kina, ubongo na fahamu. Majina matamu! Aljebra ya mstari haipo. Uwezekano haupo. Nikiuliza, naambiwa: "Hiyo nilishaisoma, mwalimu." Uliisoma, au uliifaulu?

Twendeni Kibirizi, mwaloni kwa wavuvi wetu. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa wengi hawana haraka ya kuingia ziwani. Kwa nini? Taa ni zile zile na betri imejaa. Ila ziwa zima limeng'aa, taa haina tena cha kuringia. Najua, bwana samaki atanyanyuka aniambie kwamba hata vijidudu wanavyokula dagaa hupanda na kushuka kufuata mwanga. Sawa, sibishi, kaa. Ninachotaka ni hiki: jicho halishughuliki sana na wingi wa mwanga. Linatafuta tofauti ya hapa na pale.

Aliyelifikisha jambo hili kwenye hesabu ni Haldan Keffer Hartline, Mmarekani. Alimtumia Limulus, kiumbe wa baharini anayeitwa kaa ingawa ukoo wake uko karibu na buibui. Jicho lake la ubavuni lina vijicho vidogo takriban 1,000. Ukimulika kimoja, neva yake inapiga mapigo kwa kasi fulani. Mulika na cha jirani: kasi ya kile cha kwanza inashuka. Mwanga umeongezeka, mapigo yamepungua! Kila kimoja kinamkandamiza jirani.

Mwaka 1957, Hartline na mwenzake Floyd Ratliff waliandika uhusiano huo kwa milinganyo. Vijicho viwili, milinganyo miwili inayotegemeana, ile ile ya sekondari: kasi ya hiki ni ile ambayo kingepiga kikiwa peke yake, toa sehemu ya kasi ya kile. Sasa tazama penye mpaka wa mwanga na giza. Kijicho kilicho upande wa mwanga, pale ukingoni, majirani wake wa upande wa pili wako gizani, hawakikandamizi sana. Basi kinapiga kwa kasi kuliko wenzake walio katikati ya mwanga, na mpaka unajitokeza. Hartline alipata Nobel mwaka 1967.

Viwili unavimaliza kwa kalamu. Na 1,000? Hapo unahitaji jedwali la safu 1,000 za mlalo na 1,000 za wima, namba milioni moja. Hiyo ndiyo matriki, na kozi yake ndiyo aljebra ya mstari mliyoikimbia. Hata mitandao ya neva ya kompyuta mnayoililia, sehemu kubwa ya kazi yake ni kuzidisha matriki, kisha mara nyingi kugeuza namba hasi kuwa sifuri. Hartline naye alijua mapigo ya neva hayawezi kuwa hasi.

Utaniambia programu itakokotoa. Itakokotoa, hata ukiingiza upuuzi, tena itakupa jibu lenye desimali sita.

Wale wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, mnajitetea kwamba hesabu yenu iliishia BAM, ile hesabu ya msingi ya kidato cha tano na sita. Nawaelewa, ila BAM ilikuonyesha matriki, haikukufukuza. Rudi ulipoishia, chukua kozi ya mwaka wa pili ya shahada ya kwanza ukae na wadogo zako. Aibu ya muhula mmoja haiui.

Uwezekano nausema haraka. Mwaka 1942 Hecht, Shlaer na Pirenne walionyesha kwamba mtu aliyezoea giza huona mmweko ambao fotoni zake, yaani chembe za mwanga, chache tu zimenaswa na retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga. Zikiwa chache hivyo, idadi yake hubadilika kwa bahati kila unapomulika. Bila mgawanyo wa Poisson, yaani hesabu ya matukio ya bahati kama hayo, grafu zao utaziangalia kama kitenge.

Wale wa PCM, wa fizikia, kemia na hisabati, msicheke, zamu yenu. Msimalize uzamili bila kozi moja ya fiziolojia ya neva, yaani jinsi neva zinavyofanya kazi, yenye maabara. Watafiti Hubel na Wiesel hawakuzipata seli za ubongo wa paka zinazochagua mwelekeo wa mstari kwa kukaa na milinganyo. Waliingiza elektrodi, kijisindano cha kunasa umeme wa seli, wakasikiliza mapigo. Hodgkin na Huxley, walioandika milinganyo ya mpigo wa neva, nilitaka kuwaeleza, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Basi muhula wa kwanza: aljebra, uwezekano, fiziolojia. Ikibaki nafasi, chukua hiyo yenye jina tamu. Lakini kabla ya kujisajili, omba mazoezi ya wiki ya tatu. Yakiwa insha tupu, achana nayo. Yakikutaka uandike programu na uthibitishe kitu kwa kalamu, jisajili hata kama mwalimu wake anaogopwa.

Maswali. La mshahara liwe la mwisho.